Matanga ya Nyumba Isiyofuka Moshi

Namna nilivyofika Kungugu si habari ya kumchosha msomaji. Inatosha kusema kwamba ni nchi ya milimani, kwamba mwezi wa Juni maji ya mtungini huganda hadi uyapasue kwa mchi, na kwamba mimi, baada ya miaka ishirini na sita ya kuandika kumbukumbu za vikao vya watu wengine, nilikwenda huko kupumzika. Ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu, ingawa siku za mwanzo macho yenyewe yalikuwa yakichuruzika machozi.

Sheria kuu ya nchi hiyo inahusu moto. Kila nyumba lazima iwe na moto wazi katikati ya chumba, juu ya mafiga matatu, na moshi wake upenye kwenye paa la nyasi. Heshima ya mwenye nyumba hupimwa kwa wingi wa moshi huo. Kila asubuhi wakaguzi wa Idara ya Moshi husimama kilimani na kuandika daftarini: huyu mzito, huyu wa wastani, huyu mwembamba. Wenye moshi mzito hukaa mbele harusini. Kukohoa ni adabu. Mgeni akipiga hodi hukohoa mara mbili, mwenyeji humjibu mara tatu, na asiyekohoa huonekana ana kiburi. Wakuu wote wana macho mekundu. Nilimwona karani mmoja akijisugua kitunguu machoni kabla ya kuingia kikaoni, na hakuna aliyeshangaa.

Moto wao, kwa kuwa ni wazi, huunguza magoti na kuacha mgongo ukiganda. Kwa hiyo familia zina desturi ya kugeuka. Mnakula, baba anasema, "Tugeuke," na watu wote wanaupa moto mgongo, kila mtu na bakuli lake, wanaendelea kula wakitazama ukuta.

Kuni zinazoliwa na moto wa namna hiyo ni nyingi mno. Zamani msitu ulianzia nyuma ya nyumba. Nilipofika, wanawake walikuwa wakitembea siku nzima kuufikia na siku nzima kurudi. Nilimwuliza ofisa mmoja wa Idara juu ya jambo hilo.

"Msitu haujasogea," alinijibu. "Ni miguu ya wanawake wa siku hizi iliyofupika."

"Na ya wanaume?"

"Wanaume hawaendi kuni, kwa hiyo hatujaipima."

Iko sheria moja zaidi ambayo msomaji hana budi kuijua. Nyumba isiyofuka moshi huhesabiwa kuwa na msiba, hata kama wote waliomo wako hai. Majirani lazima waje kukaa matanga siku saba. Katika siku hizo, kwa heshima ya wafiwa, chuma cha Idara hakigusi mlango wowote wa kijiji kile. Lakini siku ya nane, kama moshi haujarudi wala hakuna msiba mwingine kijijini, wakaguzi huja na mitaimbo, hung'oa mlango na kuondoka nao mpaka mwenye nyumba aombe radhi. Mwezi wa Juni, nyumba isiyo na mlango haikaliki. Niliambiwa kwamba mlango wa mwisho kuchukuliwa ulirudishwa kwa warithi.

Nilipanga chumba kwa Bi Tuntufye, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mikono mipana, maneno machache. Mumewe, Mzee Lugano, alikuwa mkaguzi wa moshi kwa miaka thelathini. Sasa alikuwa amestaafu na kifua chake kimekwisha. Alilala ameketi, ameegemea ukuta, kwa sababu akilala chali alishindwa kupumua. Asubuhi alitoka nje taratibu akishika nguzo, akatazama moshi wa paa lake, na kusema kwa kuridhika, "Mzito."

Siku ya nne ya kukaa kwangu pale niliamka nikamkuta Bi Tuntufye akibeba matofali ndani. Alikuwa amekwisha weka mstari wa kwanza ukutani.

"Unajenga nini, mama?" nilimwuliza.

"Najenga tanuri la kuchomea baridi," alisema, akaendelea na kazi.

Baadaye, tulipokuwa tukikanda udongo pamoja, alinieleza. Kwa miaka mingi alikuwa akichoma vyungu, na kila mara aliona jambo lile lile. Tanuri likiwashwa hutoa moshi mwingi. Likipata moto sawasawa, moshi hukata kabisa, na hapo ndipo vyungu huanza kuwa vyekundu.

"Nikajiuliza huo moshi umekwenda wapi," alisema. "Haukwenda popote. Umeungua. Moshi ni kuni ambazo hazijaungua, mgeni. Sisi tunakwenda siku mbili kutafuta kuni, halafu nusu yake tunairusha juu ya paa ili wakaguzi waihesabu."

Alichojenga, kwa siku kadhaa, kilikuwa hivi. Kona moja aliweka chumba kidogo cha moto cha matofali, chenye mlango wa chuma usiozidi viganja viwili. Humo alitia kuni kavu alizozipasua nyembamba kama vidole. Moto ulipanda kwa nguvu, ukanguruma, kisha joto lake likapita kwenye njia aliyoificha ndani ya kibaraza kirefu cha udongo kando ya ukuta, likazunguka humo mpaka likachoka, ndipo likatoka nje kwa dohani. Juu ya dohani sikuona chochote ila hewa ikitetemeka kidogo. Kibaraza kilipata joto polepole, kama mgongo wa ng'ombe, na kikabaki hivyo mchana kutwa. Kuni alizotumia asubuhi ya kwanza ya kuliwasha zilitosha kwapani mwa mtu mmoja.

Mzee Lugano hakukigusa. Alivuta kigoda chake hadi kwenye yale mafiga ya zamani, yaliyokuwa yamepoa, akakaa hapo na blanketi.

"Unaniaibisha, Tuntufye," alisema. "Mimi! Kwangu mimi kusionekane moshi!"

"Nimesikia, mume wangu," alisema mkewe, akafuta kibaraza kwa kitambaa chenye maji.

Kabla ya saa nne ya asubuhi hiyo hiyo majirani walikwisha kuanza kuingia, wamejifunika khanga nyeusi, wakikohoa na kusema, "Poleni sana. Ni nani?" Bi Tuntufye alijibu kwamba hakuna aliyekufa, karibuni mketi. Wakaketi kwenye kibaraza, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine.

Nimehudhuria vikao vingi maishani mwangu, lakini sijaona ukimya kama ule. Wanawake kumi na wawili walikaa wakitazamana. Mmoja alipeleka mkono chini yake, akaupapasa udongo. Mwingine alijifunua khanga. Baada ya muda, Bi Ngelela, jirani wa upande wa chini, akasema taratibu, "Hatujageuka."

"Eti?"

"Tumekaa muda wote huu na hakuna aliyegeuka."

Sheria iliwataka wakae mpaka jua lizame, nao waliitii sheria kwa moyo mmoja. Siku ya pili walikuja mapema zaidi, na baadhi walileta kazi zao za kusuka. Siku ya tatu Mzee Lugano alishikwa na kifua vibaya pale kwenye mafiga yake. Alikohoa hadi midomo ikabadilika rangi. Wanawake walinyamaza kwa adabu, kama inavyotakiwa mkubwa anapokohoa. Alipopata pumzi alimtazama mkewe kwa muda mrefu, naye hakumbembeleza.

"Nisogezeni," alisema mwishowe.

Tulimlaza kwenye kibaraza, ameketi nusu. Jioni alikuwa amelala chali kabisa, mdomo wazi, akikoroma. Bi Tuntufye alisimama akimtazama, udongo umemkaukia viganjani.

"Miaka minne," aliniambia. "Miaka minne sijamwona akilala kama mtu."

Siku ya saba, hesabu ilianza kutusumbua. Kesho yake wakaguzi wangekuja. Nilimshauri awashe moto wa zamani kwa wiki moja, moshi uonekane, kisha afikirie upya. Alikwenda kwa Bi Ngelela, ambako walikuwa wakijenga tangu siku ya pili, akatia moto tanuri jipya kwa mkono wake. Asubuhi ya siku ya nane paa la Bi Ngelela halikufuka. Kijiji kikawa na msiba mpya, mitaimbo ikabaki boharini, na majirani wakahamia kule kwenda kutoa pole.

Hapo ndipo nilipouelewa mpango wake. Kila wiki ilibidi nyumba moja, angalau moja, iache kutoa moshi, ili zile zilizotangulia zisipoteze milango. Na kila nyumba iliyoacha kutoa moshi ilijaa watu siku saba kwa amri ya serikali, wakae humo, wapate joto na kuuliza maswali. Idara ya Moshi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimletea wanafunzi.

Alifundisha kwa ukali. Mtu alitakiwa apasue kuni zake mwenyewe na kuzianika wiki tatu. Aliyejenga njia ya moto nyembamba mno alibomolewa na kuanza upya. Aliyesahau kutoa dohani nje alifokewa mbele ya watu, kwa sababu, alisema, hilo ni kosa la kuua. Mimi mwenyewe, karani niliyezoea kalamu, nilibeba matofali mpaka mabega yakachubuka. Kufikia wiki ya tano nyumba kumi na tisa zilikuwa katika msiba au zimetoka katika msiba, na wanawake wa nyumba hizo walikwenda kuni mara moja kwa mwezi.

Wiki ya sita nusura yote yaharibike. Mwenye zamu ya kukata moshi, baba mmoja aliyekuwa anamwoza binti yake, alikuja kwetu akisugua kofia yake mikononi. Wakwe watarajiwa walikuwa wamepeleka ujumbe: paa likikosa moshi, harusi hakuna. Alikuwa amekwisha bomoa tanuri lake, ambalo lilikuwa halijawashwa.

"Nisamehe, mama," alisema.

"Binti anasemaje?"

"Hajaulizwa."

Bi Tuntufye aliitikia kwa kichwa na kumpa chai. Tulikuwa na siku tatu, na tofali halikauki kwa siku tatu. Siku hizo zote alitoka mchana na ndoo ya udongo bila kusema aendako, na aliporudi alikula na kulala. Mzee Lugano alijaribu kumuuliza akaambiwa apasue kuni.

Siku ya nane ya msiba uliotangulia wakaguzi walikuja. Walikuwa watatu, na aliyewaongoza aliitwa Sanke, mtu mpole mwenye macho mekundu kama pilipili. Mzee Lugano ndiye aliyemfundisha kazi. Alisimama mlangoni na mtaimbo, akakohoa mara mbili. Mzee Lugano alitaka kujibu, akajaribu, lakini kikohozi hakikuja. Sanke alimkodolea macho.

"Shemeji," alimwambia Bi Tuntufye, "unajua sikupenda. Lakini kijiji hakina msiba leo. Nitaanza na mlango wako, halafu hiyo mingine kumi na minane."

"Fanya kazi yako, shemeji," alisema Bi Tuntufye. Alikaa kwenye kizingiti, mikono magotini, na hakuinuka. Nyuma yake wanawake kadhaa walikuja kimya kimya wakakaa chini, mmoja baada ya mwingine, hadi mlango ukazibwa.

Sanke alishika mtaimbo, akaushusha, akaushika tena. Ndipo mkewe, Bi Nangeta, akatokea njiani akitembea kwa haraka. Alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

"Baba Mele," aliita kwa sauti, "nyumbani hakuna moshi tangu alfajiri."

Sanke alipauka. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Weka chuma chini uje ukae matanga."

Inabidi nieleze kwamba mkaguzi hahesabu paa lake mwenyewe; huko kilimani hulipita tu. Kwa muda wa wiki mbili mkewe alikuwa akijenga jikoni, asikoingia mumewe, wakati yeye yuko juu akihesabu mapaa ya wengine, na siku tatu za mwisho Bi Tuntufye alikuwa akienda kumsaidia kumaliza. Tena sheria ilikuwa wazi: mkaguzi aliyefiwa hafanyi kazi siku saba. Sanke aliwatazama wenzake wawili, akautazama mtaimbo, kisha akaulaza chini kwa uangalifu kana kwamba ungevunjika. Akaondoka na mkewe. Wanawake wakajikung'uta, wakawafuata kutoa pole.

Baada ya hapo Baraza Kuu la Moshi lilimwita Bi Tuntufye mjini. Karani wao alikuwa mgonjwa wa macho, hivyo nikaombwa kuandika mimi, na kumbukumbu hizi ni sahihi. Ukumbi wao una moto mkubwa katikati. Wakuu waliokuwa mbele walikuwa wakitoka jasho, na wajumbe wa nyuma walivaa makoti mawili. Kila robo saa Mkuu wa Moshi, Bwana Kihwelo, aligonga meza, na Baraza zima likageuka.

Mjumbe wa kwanza aliuliza: moto ukifungwa ndani ya tofali usionekane, mwananchi atajuaje kwamba amepata joto? Wa pili alisema kukohoa ni lugha ya wazee wetu, na kizazi kisichokohoa kitakosa namna ya kuamkiana. Wa tatu alipendekeza utafiti wa miaka kumi na miwili, uanze baada ya kupata kamati ya kuteua watafiti. Wa nne alisema hana neno, ila aliomba kuhamia karibu na moto. Alikataliwa kwa sababu ya cheo.

Mzee Lugano alisimama bila kuombwa. Alikuwa amepata nguvu kidogo, ingawa kifua hakikurudi kilivyokuwa wala hakitarudi.

"Nimeandika daftari la moshi miaka thelathini," alisema. "Kuna nyumba niliiandikia moshi mzito kila siku ya mwaka. Mwaka huo walizika watoto wawili wa kifua. Hilo sikuliandika. Daftari halikuwa na safu yake."

Hakuna aliyekohoa. Bwana Kihwelo akanisomea uamuzi: matanuri yaruhusiwe kote nchini, kwa sharti moja, kwamba kila mwenye tanuri awashe majani mabichi uani kuanzia alfajiri hadi saa sita, ili moshi wa taifa usipungue.

Wajumbe walipiga makofi. Wengi wao, nadhani, waliona wamefanya jambo la hekima. Hata mimi nilivuta pumzi ya nafuu, maana nimeona kesi nyingi zikiisha vibaya kuliko hivyo.

"Hapana," alisema Bi Tuntufye.

Bwana Kihwelo aliinamisha kichwa. "Mama, umepewa ulichotaka."

"Sikuja kutaka ruhusa, mheshimiwa. Nimeitwa. Sitawasha majani mabichi, na niliowafundisha hawatawasha. Nina nyumba tatu wiki hii, nikichelewa udongo utakauka. Naomba kwenda."

Akaenda. Uamuzi ulipelekwa kwenye kamati ya wajumbe saba, lakini kamati haikuweza kukaa, kwa sababu wajumbe watano walikuwa nyumbani matangani. Sheria ya moto wazi haijafutwa, na mtu akitaka anaweza kuisoma mpaka leo ilivyobandikwa mlangoni mwa Idara.

Nilibaki Kungugu mpaka mwezi wa Agosti. Kazi ilikuwa imevuka mto na kufika vijiji vya ng'ambo. Bi Nangeta aliongoza kundi lake, Bi Ngelela lake, na Sanke alikuwa fundi wa dohani, kwa kuwa alizoea kutazama mapaa. Si wote waliokubali. Wako waliobomoa baada ya wiki, na yule baba wa binti aliozesha kwa moshi mzito sana.

Siku chache kabla sijaondoka, Bwana Kihwelo alikuja mwenyewe, bila walinzi. Tulimkuta amesimama kando ya rundo la matofali.

"Ni mama yangu," alimwambia Bi Tuntufye kwa sauti ya chini. "Ana miaka themanini na tatu. Anaganda. Nilifikiri labda chumba cha nyuma, pasipoonekana na barabara."

"Nitajenga," alisema Bi Tuntufye. "Chumba cha mbele, mchana, milango wazi. Na wewe ndiye utakayekanda udongo."

"Mimi ni Mkuu wa Moshi."

"Najua. Vua viatu."

Nilikuwepo siku hiyo. Ilikuwa siku ya gulio na barabara imejaa. Mkuu wa Moshi wa Kungugu alisimama shimoni, suruali imekunjwa hadi magotini, akikanyaga udongo, na watu waliopita na mizigo yao walisimama, wakatazama, wengine wakaweka mizigo chini. Mama yake alikaa mlangoni akimwelekeza mahali palipobaki mabonge. Mchana Mkuu alipopumzika alifuta jasho na kuacha udongo usoni, akamwuliza Bi Tuntufye kama Baraza nalo lingeweza kupata tanuri kabla ya Juni nyingine.

Bi Tuntufye alikuwa amepiga magoti akipima njia ya moto kwa kiganja. Hakuinua kichwa.

"Kuna foleni," alisema. "Mtakuwa wa sitini na tatu. Anzeni kuanika kuni."